Nyungunyungu Ndani ya Ngozi Yake

Mwezi uliopita, asubuhi mvua ikinyesha, mzee mmoja wa hapa Uriri alifika ofisini kwetu na mkebe mkononi. Bwana Shamba alikuwa amekwenda upande wa Oyani kwa pikipiki, kwa hiyo alinikuta mimi karani peke yangu na mafaili yangu. Akaufunua mkebe juu ya meza. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, kipande cha kiazi kitamu kilichooza, na nyungunyungu sita au saba wakijikunjakunja.

"Karani," akasema, "hawa ndio wanaonimalizia viazi. Niandikie jina la dawa niende dukani."

Nilimwomba aketi. Nilikichukua kile kiazi, nikakipasua kwa kisu. Kilikuwa kimetobolewa vijia vyembamba vilivyojaa unga mweusi, na ndani ya kijia kimoja mlikuwa na funza mdogo mweupe asiye na miguu. Huyo ndiye mwizi, mtoto wa fukusi wa viazi vitamu, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Mama yake hutaga mayai katika shina na katika kiazi kilicho wazi pale udongo unapopasuka, nao watoto hula ndani kwa ndani. Kiazi kikisha kuoza, nyungunyungu huja kula uozo. Mzee alimkuta penye maiti, akadhani ndiye muuaji.

Sikumcheka hata kidogo, maana mimi mwenyewe nilipata kufanya kosa hilo, na tena kubwa zaidi. Nilipotoka chuo cha ualimu, kijana mwenye cheti kipya, nilifika nyumbani nikakuta bustani ya mama yangu ya sukuma wiki imejaa nyungunyungu. Kichwani mwangu mnyoo alikuwa ni mnyoo. Nilinunua dawa ya chembechembe ya jamii ya kabofurani, nikainyunyiza kitalu kizima, nikamwambia mama kwamba sasa shamba lake limetibiwa. Asubuhi ya pili nyungunyungu walikuwa wamelala juu ya udongo kwa mamia, wengine wakipapatika, wengi wamekufa. Kuku wakaanza kuwaendea. Bahati njema mama aliwafukuza kuku kwa fagio, maana dawa ile ni sumu kali kwa ndege, na kwa mtu pia, na mboga zile hazikufaa kuliwa. Alizing'oa zote akazifukia. Mvua zilizofuata udongo wa kitalu kile uligandamana ukawa kama sakafu, maji yakawa yanasimama juu yake siku mbili, ilhali zamani yalikuwa yakizama papo hapo. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, hao uliowaua walikuwa wanafanya kazi gani?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimejitahidi kulipata jibu, katika vitabu na kwa kuchimba, na kwa kupasua wachache kwa wembe chini ya kioo cha kukuzia. Nitaeleza hapa yale niliyoyaona na yale waliyoyathibitisha wataalamu. Ninyi mlio katika skimu za makazi, kama vile Lambwe na Muhoroni, mnajua kwa nini jambo hili lina uzito. Babu zetu shamba likichoka walihamia jingine wakaliacha la kwanza lipumzike. Shamba la skimu limepimwa, lina jiwe la mpaka kila pembe na namba yake katika kitabu. Likichoka, huna pa kuhamia.

Basi mtwae nyungunyungu mmoja, umwoshe kwa maji, umweke juu ya jani la mgomba. Jambo la kwanza utakaloliona ni pingili. Mwili wake wote umegawanywa pingili kama muwa, ila pingili zake ni fupi na nyingi. Yule nyungunyungu mkubwa wa Ulaya anayeelezwa sana vitabuni ana kama 150. Hapo ndipo anapotofautiana na mnyoo wa tumbo la mtoto, ambaye ni laini mwili mzima bila pingili hata moja. Hao wawili si ndugu. Wala nyungunyungu hawezi kuishi tumboni mwa mtu.

Sasa mpitishe kidole ubavuni, toka mkiani kuelekea kichwani. Utahisi ukwaruzo. Hivyo ni vinywele vigumu, vifupi mno, ambavyo katika aina nyingi ni vinane kwa kila pingili. Hivyo ndivyo nanga zake. Ukimvuta kutoka shimoni huona kwamba ameshikilia, na ukizidi kuvuta hukatika kabla ya kuachia. Hana mfupa hata mmoja. Kinachomfanya awe mgumu ni maji yaliyomo katika kila pingili, yamefungiwa kama maji ndani ya kiriba. Ana misuli ya namna mbili: mmoja umemzunguka kama pete, mwingine umelala kwa urefu. Ule wa pete ukibana, yeye huwa mwembamba na mrefu, kichwa kikapenya ufa wa udongo. Halafu hushika kwa vinywele, msuli wa urefu nao ukabana, akawa mfupi na mnene, akausukuma udongo kando na kuuvuta mwili wake nyuma. Huko ndiko kutembea kwake, na kila anapopita huacha njia. Maji ya mvua huifuata njia hiyo, na mizizi ya mahindi huifuata vilevile.

Kichwa chake hakina macho, hakina masikio, hakina pua. Lakini msimdhanie kuwa ni mjinga. Juu ya koo lake pana ubongo mdogo, vifundo viwili vilivyoungana, na kutoka hapo mshipa mkuu wa fahamu unateremka chini ya tumbo hadi mkiani, ukiwa na kifundo katika kila pingili. Kwetu sisi mshipa huo uko mgongoni. Kwake uko upande wa tumbo. Ndani ya mshipa huo zimo nyuzi nene chache zinazopeleka habari kwa kasi kubwa kupita nyingine. Ndiyo sababu ukimgusa kichwa usiku wakati mkia wake ungali shimoni, hurudi ndani kufumba na kufumbua. Ngozi yake huhisi mwanga. Mmulike kwa tochi nyeupe atajificha; mwanga mwekundu haumsumbui sana.

Bwana Charles Darwin wa Uingereza, ambaye kitabu chake juu ya nyungunyungu kilitoka mwaka 1881, mwaka mmoja kabla hajafa, alitaka kujua kama wanasikia. Aliwaweka katika vyungu vya udongo nyumbani mwake. Wakapigiwa filimbi, wakapigiwa zumari kubwa, wakapigiwa kelele, hawakujali. Halafu akaviweka vyungu juu ya piano yenyewe, akapiga sauti moja nzito. Mara wakaingia mashimoni. Hawakuisikia sauti, waliuhisi mtikisiko wa ubao. Nadhani ukiweka kopo lao juu ya nyatiti utapata jambo lile lile, ingawa mimi sijajaribu, na mpiga nyatiti wa kijijini kwetu hataki kusikia habari hiyo.

Mapafu hana. Hupumua kwa ngozi, mwili mzima. Hewa ya oksijeni huyeyuka katika ute uliomfunika, hupenya ngozi, huingia katika mishipa midogo ya damu iliyo karibu. Kwa hiyo ngozi haina budi kuwa na unyevu wakati wote. Ikikauka, anakosa pumzi, hata kama yuko katikati ya upepo. Hebu fikiria shamba lililolimwa na kuachwa wazi mwezi wa Januari, hakuna majani wala kivuli, jua la adhuhuri linapiga: kwake yeye ni kama kutiwa kichwa ndani ya gunia. Hushuka chini sana, akajizungusha kama fundo katika kichumba kidogo alichokipaka ute, akalala mpaka mvua. Asiyewahi kushuka hufa. Na mvua kubwa ikija, maji yakijaa katika matundu ya udongo, hewa huko chini huwa haba, na juu kumelowa. Ndipo mnapowaona njiani asubuhi. Jua likiwakuta huko juu limewamaliza.

Damu yake ni nyekundu kama yetu, na wekundu wenyewe ni wa kitu kile kile, himoglobini, ila kwake imeyeyuka katika maji ya damu badala ya kukaa ndani ya chembe. Ukimtazama mgongoni dhidi ya mwanga utaona mstari mwekundu unaopiga mawimbi kuelekea kichwani. Huo ni mshipa wa mgongo, nao husukuma damu mbele. Karibu na koo pana mioyo. Nasema mioyo, maana si mmoja: yule wa Ulaya ana jozi tano, mishipa minene iliyozunguka koo kama bangili, nayo hubana na kuisukuma damu chini kwenye mshipa wa tumbo, ambao huirudisha nyuma. Mtoto wangu nilipomweleza haya aliuliza kama mwenye mioyo kumi hupenda mara kumi. Nilimwambia amalize kazi ya shule.

Lakini mahali penye faida kwa mkulima ni tumboni, nami hapo nitakawia.

Nyungunyungu hana meno wala taya. Hawezi kutafuna mzizi ulio hai, wala kiazi kizima. Juu ya kinywa ana kidomo kama kifuniko. Hushika jani lililolainika kwa kuoza, au hufungua kinywa akaula udongo wenyewe. Koo lake lina misuli ya kufyonza. Chakula hupita umio, na katika aina nyingi hukutana huko na tezi zinazotoa chokaa. Yule wa Ulaya ana gole la kuwekea chakula, kama gole la kuku, na nyuma yake firigisi. Naam, firigisi, kama ile mnayompa mgeni wa heshima kuku akichinjwa! Ni mfuko mnene wa msuli, na ndani yake mchanga alioumeza hufanya kazi ya jiwe la kusagia. Majani na udongo husagwa humo mpaka vikawa laini. Baadhi ya nyungunyungu wa nchi zetu za joto, wa jamii iitwayo Dichogaster, wana firigisi mbili, moja nyuma ya nyingine.

Baada ya hapo ni utumbo, nao umenyooka hadi mkiani. Kwa ndani, upande wa juu, ukuta wa utumbo wa aina nyingi umekunjwa kama mkunjo wa kitambaa ili eneo la kunyonya chakula liwe kubwa. Ndani ya utumbo huo wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao waliingia pamoja na udongo wakiwa wamelala. Nyungunyungu huwapa maji na ute wenye sukari, wakaamka, wakaanza kuvunja mabaki ya mimea ambayo yeye peke yake asingeweza kuyavunja. Hula kidogo katika faida hiyo, na kingine hutoka nyuma. Nje ya utumbo zimepakwa chembe za rangi ya manjano zinazofanya kazi kama ya ini. Na karibu kila pingili ina vijifigo vyake vya kutoa mkojo, nao ni amonia na urea, yaani mali ile ile ya naitrojeni mnayoinunua kwa gunia.

Kile kinachotoka nyuma ni vile vijivungu vya udongo laini mnavyoviona asubuhi juu ya shamba, kama uji uliomiminwa ukaganda. Wengine huviona kuwa uchafu wakavipondaponda kwa jembe. Huo ni udongo uliokwisha sagwa, uliochanganywa na mabaki ya majani, na ambao naitrojeni na fosforasi yake mmea huichukua kwa urahisi kuliko ile ya udongo wa kando yake. Darwin alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza nyungunyungu hupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo mkavu katika kila eka kwa mwaka mmoja. Mwulize mwenye trekta atakutoza kiasi gani kuhamisha tani kumi.

Habari ya uzazi wake inashangaza wengi. Kila mmoja ni dume na jike pamoja: ana korodani na ana ovari. Hata hivyo aghalabu wawili hukutana na kupeana mbegu. Ule mkanda mnene unaouona mwilini mwa aliyekomaa ndio unaotengeneza kifuko cha mayai. Hutoa ute unaoganda kama pete, naye hujivua kwa kurudi nyuma, pete ikatoka kichwani na kujifunga ncha zote mbili. Kifuko hubaki udongoni wiki kadhaa, halafu watoto hutoka wakiwa wamekamilika. Nyungunyungu asiye na mkanda bado ni mtoto. Yule wa Ulaya ana mkanda mbali kidogo na kichwa, kwenye pingili ya 32 hadi ya 37. Wengi wa kwetu wanao karibu zaidi na kichwa, kwa hiyo msisumbuke mkiona picha ya kitabu cha shule hailingani na mliyemshika. Maana Afrika ina nyungunyungu wake yenyewe. Bwana Michaelsen wa Hamburg, Ujerumani, aliwaeleza wengi wa Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1890, na jamii nzima iitwayo Eudrilidae asili yake ni bara letu. Mmoja wa jamii hiyo, wa Afrika ya Magharibi, siku hizi hufugwa katika masanduku dunia nzima kwa kutengeneza mboji.

Watu hapa husema ukimkata kwa jembe wanakuwa wawili. Si kweli. Upande wa kichwa, kama umekatwa nyuma ya mkanda, huenda ukaota mkia mfupi. Upande wa mkia aghalabu hufa. Ulimaji wa mara kwa mara basi hauwazidishi. Unawapunguza, na kuwafichulia wengine kwa jua na kunguru.

Si kwamba hana lawama hata moja, nami sitaki kumfanya malaika. Nguruwe wanaofukua udongo hupata minyoo ya mapafu kwa kula nyungunyungu aliyebeba mabuu yake, na vifaranga vilevile huweza kupata kwake mnyoo wa koo unaowafanya watweke na kupanua midomo. Mwenye nguruwe na awafungie. Vijana nao wanaochimba kandokando ya mto Kuja kutafuta chambo, tafadhali wafukie mashimo yao; ng'ombe wa jirani alivunjika mguu.

Mkulima afanye nini? Nitasema yale yanayotokana na mwili wake tu. Kwa kuwa hupumua kwa ngozi yenye unyevu, mfunike. Ukivuna miwa usichome majani makavu. Yapange katikati ya mistari. Mabua ya mahindi yasiyoliwa na ng'ombe yabaki shambani. Kwa kuwa hula kilichooza, mpe samadi. Mbolea ya chumvichumvi si adui yake, lakini salfeti ya amonia ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa hufanya udongo kuwa chachu, na wengi wao hawavumilii uchachu. Dawa za shaba zinazopulizwa kwenye nyanya hujilimbikiza udongoni, zikamdhuru. Kuhusu dawa za chembechembe za jamii niliyoitaja, nimekwisha kueleza yaliyonipata.

Ukitaka kujua hali ya shamba lako, ngoja mvua ya masika ikolee, mwezi wa Aprili. Wataalamu wa udongo hupima mraba wa sentimita 25 kila upande, karibu urefu wa kalamu moja na nusu ya risasi, wakachimba sentimita 30 kwenda chini, wakauweka udongo wote juu ya gunia na kuuvunja kwa mkono polepole. Fanya hivyo mahali patatu au zaidi, asubuhi, uandike hesabu, kisha uwarudishe wadudu wako ulikowatoa. Mwaka wa pili rudia mwezi ule ule. Hesabu ya shimo moja haikuambii kitu. Tazama kama zinapanda au zinashuka.

Yule mzee wa mkebe alikwenda zake bila jina la dawa. Nilimwambia apande mbegu safi ya viazi mahali pengine, apandishe udongo juu ya matuta ili nyufa zizibwe, na avune mapema. Mkebe aliuchukua, akasema atawamwaga kwenye migomba.

Na kitalu cha mama? Kwa miaka mitatu alikitia samadi ya mbuzi na kukifunika kwa majani ya migomba, nami sikuruhusiwa kukikaribia na kitu chochote kilichotoka dukani. Aprili iliyopita tulichimba shimo la kupimia pamoja. Nilihesabu nyungunyungu kumi na wawili. Mama alivaa miwani akahesabu upya, akapata kumi na watatu, maana mmoja alikuwa amejificha katika donge nililolikalia.